Tele kwa tele inamfuata mwenye nacho: ndiyo maana CHF haikuzifikia kaya maskini

Mkulima wa Choroko (#1)

Wakuu, salaam.

Nina hoja, mnaopinga mpinge kwa hoja.

CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianza kwa majaribio wilayani Igunga, hapa Tanzania, mwaka 1996, sheria yake ikatungwa 2001. Kaya inalipa mchango wa mwaka, na kila shilingi inayokusanywa serikali inaiongezea shilingi nyingine. Ndiyo tele kwa tele. Ilipokuja CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu sita ikawekewa 30,000, na utaratibu wa kuongezea ukaendelea.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Chukua halmashauri ya kufikirika, tuiite A, imeandikisha kaya 10,000. Imekusanya milioni 300, inaomba milioni 300 nyingine. Halmashauri B mvua zimegoma miaka miwili, imeandikisha kaya 1,000. Ina milioni 30, ruzuku yake milioni 30. Shida ipo wapi zaidi? B. Pesa zimekwenda wapi? A.

Ruzuku ya namna hii humfuata mwenye uwezo wa kuchanga. Aliyeshindwa kuchanga anakosa mara mbili: hana kadi, na zahanati ya kijijini kwake haina nyongeza. Halafu tunaambiwa mfuko ni wa jamii.

Karibuni.

Kipanga Mwekundu (#2)

Umeanza vizuri, umeharibu mwishoni.

Usichanganye vitu viwili. Tele kwa tele haikuwekwa kwa ajili ya maskini. Iliwekwa ili halmashauri zipate hamu ya kuhamasisha watu. Maskini walikuwa na mlango wao ndani ya sheria ile ile ya 2001: serikali ya kijiji inapendekeza, kamati ya afya ya kata inatoa cheti cha msamaha, na anayetoa msamaha anatakiwa atafute namna ya kuufidia mfuko. Kasome.

Tatizo ni hilo la kufidia. Nani alifidia? Kata haina senti. Halmashauri ikiulizwa inasema kifungu hakikutengwa. Kwa hiyo watendaji wakaacha kutoa vyeti, kwa sababu kila cheti ni deni la mtu fulani.

Ruzuku yako unaisingizia bure.

Mkulima wa Choroko (#3)

Kipanga, umekubaliana na mimi bila kujijua. Ruzuku kwa mwenye kadi ilikuwa na utaratibu, na fomu, na akaunti. Fidia ya maskini ilikuwa na sentensi moja kwenye sheria.

Karani Mstaafu (#4)

Vijana, mnagombania fedha kama vile ilikuwa inafika. Nimekaa idara ya fedha ya halmashauri moja kwa muda mrefu, madai ya tele kwa tele nimeyaandaa kwa mikono yangu. Niwaeleze yalivyokuwa.

Mchango unakusanywa zahanati. Mganga mfawidhi anaandika stakabadhi, anahifadhi fedha mpaka apate nafasi ya kwenda mjini kuziweka benki. Mwingine anakwenda mwisho wa mwezi, mwingine mpaka aitwe kikao. Makao makuu hayaongezei neno la mdomo, yanaongezea kilichothibitishwa: taarifa ya benki, vitabu vya stakabadhi, orodha ya wanachama, saini ya Mganga Mkuu wa Wilaya na ya Mkurugenzi. Kuanzia 2009 NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, walipokabidhiwa kusimamia CHF, uhakiki ukapitia kwao.

Sasa kitabu kimoja cha stakabadhi kikipotea, au jumla ya orodha isilingane na benki hata kwa kaya chache, dai zima linarudi. Linarudi lini? Mwaka wa fedha umeisha. Ukiomba tena unaambiwa lete na hesabu za mwaka uliofuata.

Wilaya zilizokuwa na mhasibu anayejua kazi na gari la kuzunguka vituoni zilipata. Zile ambazo mratibu wa CHF ndiye huyo huyo mratibu wa kifua kikuu na bado ni daktari wa zamu, hazikuomba kabisa. Ruzuku ilikuwepo kwenye bajeti, ikaishia huko huko.

Kwa hiyo Mkulima, ruzuku haikufuata mwenye nacho. Ilifuata mwenye makaratasi. Mara nyingi ni mtu yule yule, lakini dawa yake ni tofauti.

Nundu ya Ngamia (#5)

Karani ametema madini. Naweka kiti, naagiza kahawa.

Mama Wawili (#6)

Mimi sijui tele wala nusu tele. Nilichojua ni kadi. Tulikata kadi ya kaya, mtoto akapata homa usiku, asubuhi nikaenda kituo ambacho sikitaji. Nikapokelewa vizuri, kipimo cha malaria kikafanyika, nikaandikiwa dawa. Dirishani naambiwa dawa hiyo leo hatuna, kanunue. Nikaenda duka la dawa muhimu, nikatoa hela taslimu.

Mara ya pili hivyo hivyo. Jirani yangu asiye na kadi tulikutana duka lile lile, tumeshika vikaratasi vinavyofanana. Akaniuliza, sasa wewe umelipia nini? Nilikosa jibu.

Kadi ilipoisha sikuihuisha. Msiniambie sijahamasishwa.

Daktari Njaa (#7)

Pole dada. Naongea kutoka upande wa pili wa dirisha hilo, ni mfawidhi wa zahanati.

Mnahesabu walio na kadi na wasio na kadi. Mnasahau kundi la tatu, na ndilo kubwa: walio na msamaha kisera. Watoto chini ya miaka mitano bure. Mama mjamzito bure. Wazee bure. Njoo ukae kwangu siku moja uone foleni: watoto, wajawazito, wazee. Mwenye kadi ya CHF ni mmoja mmoja, anayelipa papo kwa papo ni mmoja mmoja pia. Dawa aliyoikosa mwanao dada, wiki iliyopita ilitolewa bure kwa mtu ambaye sera inasema atibiwe, na hakuna aliyelipia.

Mfuko wa wachache unabeba wengi. Hata ruzuku ingefika yote bila kitabu kupotea, ingeyeyuka hapo.

Sauti ya Kijiji (#8)

Daktari, rekebisha hapo. Si "wazee bure". Ni wazee wa miaka 60 na kuendelea WASIO NA UWEZO. Baba yangu ana pensheni na ng'ombe, alitaka kupita kwa mlango huo, mtendaji akamcheka.

Daktari Njaa (#9)

Kisera ndivyo. Mlangoni, mzee ametembea kutoka kitongoji cha mbali, amekaa kwenye benchi anatetemeka, nimwambie alete cheti cha kutokuwa na uwezo? Wewe ungemwambia?

Sauti ya Kijiji (#10)

Ningemwambia mzee wangu, ana ng'ombe yule 😂

Dawa Chungu (#11)

Hoja ya Daktari ni kweli nusu. Niongeze ya duka, mimi ni mfamasia.

Chukua 30,000 gawa kwa watu sita. Ni 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Jumlisha ruzuku, ikifika, ni 10,000. Humo ndani weka kumwona mganga, maabara, dawa, kujifungua, na rufaa mpaka hospitali ya mkoa kwa maana CHF iliyoboreshwa iliongeza hilo. Mtu mmoja akilazwa kwa upasuaji amekula kadi za mtaa mzima.

Bei iliwekwa ili watu waweze kulipa. Haikuwekwa kwa kuhesabu gharama. Hapo hakuna wa kulaumiwa kituoni.

Halafu suala la dawa kutokuwepo halikuwa la fedha peke yake. Kituo kilikuwa na fedha kwenye akaunti yake MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, lakini bidhaa yenyewe haipo bohari. Ukitaka kununua nje, utaratibu wa manunuzi mrefu mpaka mgonjwa amepona mwenyewe au ameshazikwa. Ndiyo maana Dodoma walianza mfumo wa mshitiri mwaka 2014: mkoa unaingia mkataba na muuzaji mmoja binafsi, MSD ikikosa kituo kinaagiza kwake. Baadaye ukaenda nchi nzima. Palipofanya kazi, kadi ilianza kuwa na maana.

Kipanga Mwekundu (#12)

Sasa nyie mnapishana. Karani anasema fedha haikufika. Daktari anasema ikifika inaliwa na misamaha. Mfamasia anasema hata isipoliwa haitoshi, na hata ikitosha dawa haipo. Mama Wawili anasema hajali. Mkulima bado yuko na A na B.

Mkulima wa Choroko (#13)

Niko nao na sitawaacha. Jibu swali: kama bei ni ndogo kiasi hicho, na serikali ina fedha za kuongezea, kwa nini iongezee pale palipochangwa tu? Ipeleke kwa idadi ya watu na hali ya umaskini.

Karani Mstaafu (#14)

Inafanyika, Mkulima, ila kwenye mfuko mwingine. Mfuko wa pamoja wa afya, ule wa wafadhili tunaouita Basket, upo tangu 1999, na mgao wake kwa halmashauri ulitumia vigezo: idadi ya watu, umaskini, umbali wa njia, vifo vya watoto. Ulikuwa ukiishia halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 unakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, zahanati yenyewe.

Mimi mwanzoni nilikuwa nabisha. Nikasema mfawidhi ataweza wapi vitabu? Wakaletewa FFARS, mfumo wa kompyuta wa kuandika hesabu za kituo, wakapelekewa wahasibu wasaidizi sehemu nyingine, na mambo yakaenda kuliko tulivyodhani. Kijana wa zahanati anajua sasa ana kiasi gani robo hii. Zamani alikuwa anakuja ofisini kwangu kuomba sabuni.

Pwani Hadi Bara (#15)

Wadau, habari za huko. Mimi ni wa Kenya, nisome tu au naweza kuchangia?

Nundu ya Ngamia (#16)

Changia, ila usituambie Kenya mko mbele.

Pwani Hadi Bara (#17)

Sitasema hivyo, mtajisomea wenyewe 😄

Sisi 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilishushwa zikawa shilingi 10 na 20 tu, za kujiandikisha. Ilikuwa nzuri kwa mgonjwa, lakini kituo kikakosa fedha za kufagia. Wengine wakaanza kutoza kimyakimya. 2010 serikali na wafadhili wakaleta mfuko wa HSSF, pesa ikaenda straight, samahani, moja kwa moja kwa akaunti ya kituo, na kamati ya wanakijiji ikapanga matumizi. 2013 hata hizo 10 na 20 zikaondolewa, vituo vikaahidiwa fidia.

Ugatuzi ulipoingia mwaka huo huo, pesa zikaanza kupitia kaunti. Kaunti nyingine zilipitisha, nyingine zilikalia. Ikabidi bunge litunge sheria ya 2023 kuhakikisha kituo kinabaki na mapato yake.

Kwa hivyo Karani yuko sawa kuhusu akaunti ya kituo. Lakini hiyo si dawa ya milele. Akija bosi mpya katikati, bomba linakatwa.

Sauti ya Kijiji (#18)

Na SHA, bima yenu ya afya, je? Tunasikia kelele mpaka huku.

Pwani Hadi Bara (#19)

SHA imeanza Oktoba 2024, na hiyo ina uzi wake, tena usiku mmoja hautoshi. Tafadhali nisichokozwe.

Mjumbe Asiyeuawa (#20)

Mnasifia kamati kama vile mmewahi kukaa kwenye kamati. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo, nimechaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji, nikapigiwa makofi.

Kazi yetu kwa karatasi: kupanga na kuidhinisha matumizi, kusoma mapato, kuangalia dawa zinavyopokelewa. Kazi yetu kwa vitendo, kwenye kituo chetu: tunaitwa robo ikiwa imeisha, tunakuta mpango umeshaandikwa, tunaoneshwa mahali pa kusaini. Nikauliza ruzuku ya CHF robo hii ni kiasi gani, nikaambiwa mzee hilo ni la mfumo. Mfumo ndio nani? Nyumbani kwao wapi?

Mwenzangu mmoja aliyesisitiza kuona taarifa ya benki aliitwa mpinga maendeleo. Mkutano uliofuata barua yake ya mwaliko ilichelewa.

Sisemi wanaiba. Nasema fedha ya jamii ambayo jamii haijui ni ngapi haiwezi kumfanya mtu atoe 30,000 yake kwa moyo mweupe. Hapo ndipo CHF ilipokufia kwetu. Kadi zilipungua siyo kwa sababu ya ukame, mwaka ule ufuta ulilipa sana.

Dawa Chungu (#21)

Hili la Mjumbe lina ushahidi. Kuna utafiti ulifanyika Nzega, ukachapishwa 2007, kuuliza kwa nini watu hawajiungi. Majibu: wapo walioshindwa kulipa kweli kweli, lakini wapo pia waliotaja huduma mbovu, kutowaamini wasimamizi, na kutoona sababu ya kulipia ugonjwa ambao haujaja. Vyote kwa pamoja.

Kipanga Mwekundu (#22)

"Kulipia ugonjwa ambao haujaja." Hapo wazee wetu wanaona ni kujitabiria.

Daktari Njaa (#23)

Kwangu wanajiunga ugonjwa ukiwa umeshafika na kuvua viatu. Binti ana uchungu, au mzee amegundulika ana kisukari, ndipo afisa uandikishaji anapigiwa simu: njoo utupige picha. Ukiwa na wagonjwa tu kwenye mfuko, mfuko unaugua.

Afisa wa Simu (#24)

Nimetajwa. Mimi ndiye huyo anayepigiwa simu.

Uandikishaji wa CHF iliyoboreshwa mnaujua? Natembea kitongoji kwa kitongoji na simu, napiga picha wanakaya wote, natuma kwenye mfumo, natoa namba ya malipo. Nalipwa kwa kamisheni, yaani kaya isipolipa nimetembea bure. Kwa hiyo mnisamehe, naenda kwanza barabarani, kwa wenye maduka, kwa walimu wa kujitolea, kwa mama lishe. Kule mlimani kwenye nyumba za nyasi naenda nikibaki na muda na mafuta.

Mkulima, hapo una hoja yako ya mwenye nacho, lakini haikuanzia kwenye ruzuku. Ilianzia kwenye miguu yangu.

Na jambo moja mnaliruka: msimu. Kampeni hupangwa pale bajeti ya uhamasishaji inapotoka. Ikitoka Januari, mkulima amemaliza akiba kwenye mbegu na ada za shule, unamwomba 30,000 anakuangalia kama umetoka mwezini. Mtu yule yule ukimfuata baada ya kuuza pamba au alizeti anatoa kabla hujamaliza salamu. Wakati wa mavuno unaambiwa fungu la uhamasishaji limeisha.

Nundu ya Ngamia (#25)

"Imeanzia kwenye miguu yangu." Mpeni huyu kiti cha mbele.

Babu Wake Wengi (#26)

Swali nje ya mada kidogo. Kaya ya watu sita. Mimi nina wake wawili na watoto kumi na mmoja, na wajukuu wawili wameachwa kwangu. Kaya yangu ni ngapi?

Sauti ya Kijiji (#27)

Babu, wewe ni halmashauri. Omba tele kwa tele yako mwenyewe 😂😂

Afisa wa Simu (#28)

Sita ni mkuu wa kaya, mwenza, na wategemezi chini ya miaka 18. Mke wa pili anaandikishwa na watoto wake kama kaya nyingine. Nawe chagua utakaa kwenye kadi gani, na huo uamuzi mimi sishiriki.

Wanaozidi sita wanabaki nje mpaka ilipwe kadi ya pili. Hilo nimelieleza kwenye nyumba nyingi, na huwa kuna mtoto anayechaguliwa kuachwa. Mara nyingi ni yule wa ndugu.

Mama Wawili (#29)

Hilo la mtoto wa ndugu limenikaa vibaya.

Mwanafunzi wa Sera (#30)

Nimesoma uzi wote. Naona mnazunguka kwenye njia ya kupitisha ruzuku kwa taasisi: halmashauri, kituo, mfuko. Kuna njia nyingine ilishajaribiwa hapa hapa.

Mwaka 2010 TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, walianza majaribio ya kuzipa kaya maskini fedha taslimu Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Masharti: watoto wadogo na wazee wahudhurie kliniki, wakubwa kidogo waende shule. Kijiji chenyewe, kupitia kamati yake, ndicho kilichosimamia. Tathmini ilipofanyika ikaonekana kaya zilizopata fedha zilikata kadi za CHF kwa wingi kuliko zile zilizokuwa bado hazijapata.

Maana yake maskini hakuwa hajui faida ya bima. Hakuwa na hela. Mpe hela, atainunua mwenyewe. Kwa hiyo ruzuku iende kwa kaya, siyo kwa halmashauri.

Kipanga Mwekundu (#31)

Umesahau neno masharti. Ukimwambia mtu fedha yako inategemea kuhudhuria kliniki, kukata kadi ni akili tu, kliniki ya bure inakuwa ya bure kweli. Hatujui angekata kama asingelazimika kwenda.

Mwanafunzi wa Sera (#32)

Hoja nzuri. Lakini matokeo ni yale yale: kaya maskini ina kadi.

Mjumbe Asiyeuawa (#33)

Na orodha ya TASAF ikibandikwa kijijini, muwepo muone. Kuna bibi anakula mlo mmoja hayumo, na kuna mwenye bati jipya yumo. Ukigusa orodha umegusa ukoo wa mtu. Msituletee TASAF kama vile imeshuka na malaika.

Pwani Hadi Bara (#34)

Mbona hamtaji Rwanda? Kule kwenye mutuelle, bima yao ya afya ya jamii, karibu kila mtu yumo. Tangu 2011 michango imepangwa kwa madaraja ya uwezo wa kaya, na daraja la chini kabisa linalipiwa.

Karani Mstaafu (#35)

Linalipiwa na nani, uliza hilo. Kuanzia 2006 Global Fund, mfuko wa kimataifa wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, walitoa ruzuku ya kuwalipia maskini michango yao. Yaani kile ambacho Kipanga alisema #2 sheria yetu iliacha bila mwenyewe, wao walikipatia mlipaji. Pili, kule kujiunga ni lazima na viongozi wa mitaa wanapimwa kwa hilo. Kwetu ilikuwa hiari.

Mkimleta Rwanda mleteni mzima, msimlete kichwa peke yake.

Mkulima wa Choroko (#36)

Mlipaji! Ndicho ninachokisema tangu asubuhi. Fungu la ruzuku lile lile, badala ya kuongezea kadi ya mwenye duka, lingenunua kadi ya asiye na kitu. Wenye duka walipe bei halisi.

Dawa Chungu (#37)

Wenye duka wakilipishwa bei halisi watatoka wote, watabaki na bima binafsi au waganga wa kienyeji. Utabaki na mfuko wa maskini watupu, na mfuko wa maskini watupu haupiganiwi na mtu bungeni.

Sauti ya Kijiji (#38)

Si kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023? Si imeweka mfuko wa wasio na uwezo? Fedha zitoke kwenye kodi za vinywaji baridi, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Mnabishania kaburi la CHF wakati mtoto ameshazaliwa.

Nundu ya Ngamia (#39)

Kumbe nikibeti namlipia bibi matibabu. Leo naweka mkeka wa timu kumi na tano, kwa uzalendo.

Kipanga Mwekundu (#40)

Mkeka ukichanika ndipo bibi anatibiwa, kwa hiyo tunakuombea uliwe.

Ila Sauti, kodi iliyotengwa kwa jambo fulani na kodi iliyofika kwenye jambo hilo ni vitu viwili. Karani ametueleza #4. Na bado kuna swali la Mjumbe: nani ataandika orodha ya wasio na uwezo? Kijiji kile kile, mtendaji yule yule aliyemcheka baba yako.

Sauti ya Kijiji (#41)

Alimcheka kwa haki bwana, nimeshasema ana ng'ombe.

Daktari Njaa (#42)

Mimi nikiulizwa, ruzuku yoyote mtakayobuni nileteeni kwanza mtu wa pili kazini. Zahanati yangu muuguzi akienda likizo, nabaki mimi, nafanya kliniki ya mama na mtoto, nazalisha, naandika FFARS usiku. Bima ya mgonjwa ambaye hamkuti mtu ni plastiki.

Afisa wa Simu (#43)

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii je? Wanalipwa posho kwenye miradi, mradi ukiisha wanarudi shambani. Wao ndio wanaijua ile nyumba ya nyasi ambayo mimi siifikii. Wangepewa kazi ya uandikishaji wao, na walipwe kwa kutembelea, siyo kwa kamisheni.

Mjumbe Asiyeuawa (#44)

Hilo naliunga mkono. La kwanza leo.

Karani Mstaafu (#45)

Kijijini kwenu yupo? Analipwa na nani?

Mjumbe Asiyeuawa (#46)

Yupo. Halipwi na mtu. Alipewa fulana na begi, na baiskeli ambayo sasa hivi ina tairi moja.

Mkulima wa Choroko (#47)

Nashukuru kwa michango. Karani, kabla hujalala: zile wilaya ambazo hazikuomba tele kwa tele, kama zilikuwa na watu waliochanga kweli na benki inaonesha, zinaweza kudai malimbikizo leo?

Karani Mstaafu (#48)

Wadai wapi? Kwa vitabu gani? Mwaka ninaostaafu vile vya zamani vilikuwa stoo, chini ya mabango ya uchaguzi, na mchwa walikuwa wameshaanza uhakiki.

Nundu ya Ngamia (#49)

Mchwa wamepitisha hesabu, hati safi.

Kipanga Mwekundu (#50)

Mkulima, kesho nakuletea jedwali la mgao wa Basket kwa vigezo vile alivyotaja Karani, tuone kama B yako ingepata zaidi ya A. Ikipata, unabadilisha kichwa cha uzi.

Mkulima wa Choroko (#51)

Lete. Lakini ulete na waliopokea, siyo waliopangiwa.